Mshahara umekuongezea shilingi 71 kwa sahani, wewe umepandisha 500

(Hii ni hotuba niliyoitoa kwenye mkutano wa wafanyabiashara wadogo hapa Tanga mjini. Nimeiandika yote kwa ajili ya wale ambao hawakupata nafasi ya kuja. Michoro ya ukutani nimeiacha.)

Assalam aleikum. Tumsifu Yesu Kristo. Wazee wangu shikamooni, kina mama habari za mchana, vijana mambo vipi.

Najua wengi mmefunga maduka kuja hapa, na mtu wa Ngamiani akifunga duka mchana siku ya kazi ujue kuna kitu kinamuuma, kwa hiyo sitawazungusha. Kinachowauma ni kima cha chini cha mshahara. Tangu waziri alipotangaza Oktoba 2025 simu yangu haijapoa, mimi mtunza hesabu tu, nawaandikia vitabu vyenu, lakini watu wananipigia wanafoka utadhani mimi ndo nimesaini.

Tuanze na namba yenyewe, maana hapo watu wameumia kabla hata hawajaumizwa.

Mlichosikia redioni ni kwamba kima cha chini sekta binafsi kimepanda kwa asilimia 33.4, kutoka 275,060 mpaka 358,322, kuanzia tarehe 1 Januari 2026. Si ndiyo? Haya, nani hapa aliisoma amri yenyewe ya serikali ya mishahara mpaka mwisho? Nyoosheni mikono. Naona watatu, na mmoja ni wakili huyo hahesabiki.

Jamani, 358,322 ni wastani. Wastani wa sekta zote, benki imo, mgodi umo, na kibarua wa shamba naye yumo humo humo. Kima cha chini cha sekta binafsi Tanzania siyo namba moja kwa kila mtu, kinawekwa kwa sekta. Chukueni amri ya 2022, ile iliyoanza kutumika Januari 2023: taasisi za fedha walipangiwa 592,000, biashara na viwanda 150,000, kilimo 140,000. Unaona huo umbali? Sasa mtu wa genge anasikia wastani anadhani ndo mshahara wa kijana wake wa genge.

Kuna dada mmoja ana saluni Chumbageni, simtaji na wala hayupo hapa. Alisikia hiyo 358,322 akiwa kwenye bajaji. Akapiga hesabu pale pale, wasichana wawili ni laki saba na kitu, saluni haiingizi hiyo, jioni akawaambia kesho msije. Hakuuliza mtu, hakwenda ofisi ya kazi, hakutafuta hata mstari wa sekta yake kwenye amri. Sasa mmoja wa wale wasichana ndo alikuwa mkono wa saluni, yaani wateja walikuwa wanakuja kwa ajili yake siyo kwa ajili ya kioo, akaenda kukodi kiti saluni nyingine mtaa wa pili, na wateja nyuma yake. Yule mwingine alikwenda CMA, ile tume ya usuluhishi wa migogoro ya kazi, kulalamika kaachishwa bila notisi, na alikwenda ndani ya zile siku 30 zinazotakiwa, mtoto wa mjini yule. Kwa hiyo yule dada kapoteza fundi, kapoteza wateja, na ana kesi. Na mshahara mpya ulikuwa haujaanza hata kutumika! Ni Oktoba hiyo!

Nimemhesabia baadaye. Tuseme amri mpya ingemtaka amwongezee kila mmoja theluthi juu ya 150,000, yaani elfu hamsini hamsini. Jumla laki moja, na mchango wa mwajiri wa NSSF, ule mfuko wa pensheni, asilimia 10 juu yake, inakuwa 110,000 kwa mwezi. Yeye anahudumia vichwa kama 150 kwa mwezi. Gawanya. Ni shilingi 733 kwa kichwa. Kusuka kwake ni 15,000. Hebu niambieni nyie, mteja wa 15,000 atakukimbia kwa 733?

Sasa tuje kwenye bei, maana hapa ndo pana maneno.

Kila mtu anasema mshahara ukipanda bei zitapanda. Sawa, mimi sibishi, zitapanda. Swali langu ni zitapanda kwa shilingi ngapi? Hilo swali hakuna anayeuliza. Mama wa mgahawa hapa mbele ameshanipa ruhusa nitumie hesabu zake, nimezizungusha kidogo ili ziwe rahisi. Ana wafanyakazi wanne, kila mmoja 150,000, jumla 600,000. Wakiongezewa theluthi wanakuwa 200,000 kila mmoja, jumla 800,000. Ongezeko 200,000. Weka NSSF ya mwajiri 20,000, weka WCF, mfuko wa fidia kwa wafanyakazi, nusu asilimia ambayo ni 1,000. Ongezeko lote 221,000 kwa mwezi. Anauza sahani 120 kwa siku, siku 26 za kazi, ni sahani 3,120. Gawanya tena. Shilingi 71 kwa sahani.

Shilingi 71!

Na mama amepandisha ngapi? Wali maharage ulikuwa 2,500 sasa ni 3,000. Mia tano. Mia tano mara 3,120 ni 1,560,000, yaani amekusanya mara saba ya kile ambacho mshahara umemwongezea. Hapana, mama usinune, umenipa ruhusa mwenyewe. Na sisemi umewaibia watu. Umeniambia sababu zako na ni za kweli: mchele umepanda, mkaa umepanda, na kubwa kuliko yote, chenji. Utauza sahani 2,571? Hiyo shilingi moja utampa nani? Hata hamsini siku hizi ukimrudishia mtu anakuangalia. Bei za kwetu hazipandi kwa ngazi ndogo ndogo, zinaruka, kutoka 200 kwenda 300, kutoka 300 kwenda 500, kutoka 2,500 kwenda 3,000. Kwa hiyo gharama zinajikusanya miezi na miezi, mfanyabiashara anavumilia anavumilia anasubiri siku yenye sababu ambayo mteja ataielewa, halafu anaruka mara moja. Na tangazo la mshahara ndo sababu nzuri kuliko zote. Mteja akiuliza mbona bei imepanda, "si mmeongezewa mshahara?" Yeye mwenyewe kumbe ni bodaboda, hajaongezewa na mtu yeyote.

Na wengine hawapandishi bei, wanapunguza mzigo. Chapati ni ile ile mia tano lakini ukiiinua unaona mwanga upande wa pili. Boflo unalibonyeza linarudi lenyewe. Hiyo nayo ni bei imepanda, msijidanganye.

Nataka niwaulize kitu waliokuwepo mjini miaka hiyo. Amri ya kima cha chini ya 2013 ilianza Julai 2013. Iliyofuata ilianza Januari 2023. Hapo katikati karibu miaka kumi sekta binafsi kima hakikusogea hata senti. Je chapati ilisimama miaka kumi? Mafuta ya kula yalisimama? Mwaka 2022 petroli ilipita shilingi 3,000 kwa lita, mpaka serikali ikatoa ruzuku ya bilioni 100 kwa mwezi, na nauli zikapanda na kila kitu kikapanda, na kijana wa dukani alikuwa bado yuko kwenye amri ya 2013. Nani alipandisha bei mwaka ule? Mshahara wa nani?

Halafu geuza upande wa pili. Mei Mosi 2025 kule Singida Rais alitangaza kima cha chini cha watumishi wa umma kitoke 370,000 kiende 500,000 kuanzia Julai, asilimia 35.1. Mfumuko wa bei wa taifa mwaka ule ulikaa asilimia 3 na pointi zake, mwanzo mpaka mwisho wa mwaka. Najua utaniambia takwimu haziendi sokoni Mgandini, na kweli nyanya siku mbaya ni nyanya siku mbaya, lakini kama mshahara peke yake ungekuwa ndo unawasha moto wa bei basi ule moto tungeuona.

Wenzetu wa Hungary walifanya jambo kubwa kuliko letu. Mwaka 2001 walitoa kima chao kwenye forint 25,500 wakakipeleka 40,000, mwaka uliofuata 50,000. Karibu mara mbili kwa miaka miwili! Wachumi wawili, Péter Harasztosi na Attila Lindner, wakafuatilia vitabu vya makampuni kuona nani aliilipa ile hela, wakachapisha mwaka 2019. Jibu lao: kama robo tatu walilipa wateja kupitia bei, robo moja walilipa wenye biashara kupitia faida. Waliopoteza kazi walikuwepo ila wachache. Lakini, na hapa ndo naomba msikilize, kazi zilipotea zaidi kwenye biashara ambazo haziwezi kupandisha bei. Wanaouza nje ya nchi. Anayekata nywele mtaani anapandisha kwa sababu kinyozi mwenzake naye kapandishiwa, lakini anayeuza nje mteja wake anamwambia mimi hayo ya kwenu siyajui.

Na sisi watu wa Tanga tunahitaji kwenda mpaka Hungary kulijua hilo? Sisi watoto wa mkonge?

Wazee wangu mnakumbuka kipande. Kwa vijana: manamba, wale vibarua wa mashamba ya mkonge, walikuwa wanapewa kadi, unakata mkonge siku 30 zinaandikwa moja moja, kadi ijae ndo ulipwe. Huu mkonge aliuleta Mjerumani, Richard Hindorf, 1893, na miche iliyofika hai ilikuwa 62 tu, kutoka kwenye hiyo 62 Tanganyika ikaja kuwa ya kwanza duniani. Tulipopata uhuru kima cha chini kikapandishwa, miaka ya 1962 na 1963, na ilikuwa haki kabisa maana mshahara wa manamba ulikuwa aibu. Mwanzoni wenye mashamba walilipa, wakalalamika lakini walilipa, sababu bei ya mkonge duniani miaka ile 1963, 1964 ilikuwa juu. Halafu zikaja kamba za plastiki, bei ikaporomoka. Sasa mwenye shamba wa Ngomeni atamwambia nini mnunuzi wa London? "Niongezee kidogo, vijana wangu wamepandishiwa"? Bei siyo yake. Akafanya kile alichoweza, akapunguza watu, waliobaki akawaongezea kipimo cha kazi. Mpaka leo ukikaa na wazee Muheza huko watagawanyika, huyu atakwambia mshahara ndo uliua mkonge, mwingine atasema plastiki. Mimi nasema plastiki iliua, mshahara uliharakisha kwenye yale mashamba yaliyokuwa tayari yanapumua kwa shida. Ila ukimlaumu manamba kwa kutaka kula, unamlaumu mtu asiyehusika na bei ya dunia.

Kwa hiyo kabla hujalia, jiulize wewe ni nani. Bei yako unaipanga wewe, au unapangiwa? Mwenye mgahawa, kinyozi, fundi cherehani, nyie mnapanga. Anayefungasha machungwa ya Muheza, bei inakuja na lori linalosubiri kuvuka mpaka wa Horohoro kwenda Kenya. Mama wa mwani, bei anakuja nayo mnunuzi. Hawa ndo wa kuonewa huruma na hawa ndo serikali ingekaa nao kwanza, na kwenye mkutano huu naona kama wawili tu wamekuja, waliobaki wako baharini na mashambani.

Sasa nataka kusema kitu ambacho wengine hamtakipenda.

Mimi nimekaa na vitabu vya biashara ndogo za mji huu, na biashara iliyokufa kwa sababu ya kulipa kima cha chini sijaiona bado. Nilizoziona zimekufa, zimekufa kwa kodi ya pango, kwa mkopo wa riba ya kila wiki, kwa kukopesha ndugu, na kwa jirani asiyelipa kima. Hilo la jirani nataka nikae nalo.

Kuna baba anaoka mikate Makorora. Ana vijana sita, wote na mikataba, wote NSSF. Mtaa wa nyuma kuna mwokaji mwingine, hana kibao, hana leseni, vijana wake ni deiwaka, anawapa elfu nne kwa siku na mkate wa kwenda nao nyumbani. Kwa amri ile ya 2022, 150,000 ukigawa kwa siku 26 inakuja 5,769 kwa siku. Kwa hiyo elfu nne haifiki hata ya zamani achilia mbali hii mpya. Wote wawili wanauza mkate kwa mangi yule yule, kwa bei ile ile. Mshahara ukipanda, nani anaumia? Yule aliyefuata sheria peke yake! Mwenzake haumii hata kidogo, tena anafurahi. Na afisa kazi akitoka kukagua anakwenda wapi? Anakwenda penye kibao, kule uchochoroni hakuna kibao. Kwa hiyo sheria inamfuata aliyejileta.

Ndo maana nasema ugomvi wetu usiwe na kiwango. Tukienda kulalamika ofisini tunalalamika kiwango kikubwa, kiwango kikubwa, wanatuona wachoyo, wanatufukuza na wana haki. Tukalalamike kwamba kiwango kimoja hakiwafikii watu wote. Mkoa huu una halmashauri 11, Lushoto mpaka Kilindi mpaka Mkinga. Ukaguzi ukigusa Barabara ya kwanza mpaka ya ishirini na moja pale Ngamiani, kila mlango, mwokaji wa Makorora atapandisha mkate wake shilingi mia na hakuna atakayemkimbia, kwa sababu mwenzake naye atapandisha. Wamarekani walibishana miaka kuhusu jambo hili, New Jersey 1992 walipandisha kima kutoka dola 4.25 kwenda 5.05, David Card na Alan Krueger wakaenda kwenye migahawa 410 ya pale na jimbo la jirani wakakuta ajira hazikushuka, wengine wakaja kuwapinga na takwimu zao, na mpaka Card anapata Nobel 2021 bado wanabishana. Lakini pale migahawa yote ya New Jersey ililipa. Sisi tunabishana kuhusu sheria ambayo nusu ya mtaa haijaanza kuifuata.

La mwisho ni masaa, na hapa naomba mniwie radhi.

Wengi mnaniambia "mimi nalipa kima, nampa laki na nusu". Sawa. Anaingia saa ngapi? "Saa kumi na moja alfajiri." Anatoka? "Tukifunga." Mnafunga saa ngapi? Kimya. Ndugu zangu, kima cha mwezi ni cha masaa 45 kwa wiki. Amri ya 2022 ilikupa mpaka kiwango cha saa, 150,000 ikigawanywa kwa masaa 195, unapata 769 kwa saa. Binti akikaa masaa 14 kwa siku, siku sita, ni masaa 84. Hujalipa kima, umelipa kama nusu yake, na yale masaa ya ziada sheria inataka mara moja na nusu. Siku akiondoka kwa ubaya akaenda nayo hiyo hesabu, hutakuwa na pa kushika.

Lakini hiyo hiyo inaweza kukuokoa. Kama kuna kiwango cha saa, si unaweza kuajiri kwa saa? Mgahawa unajaa saa sita mpaka saa tisa, baada ya hapo wasichana wanapepea nzi. Mkataba wa masaa manne kwa siku ni halali kabisa, kwa kiwango kile cha 2022 ilikuwa kama 3,080, na yule binti anabaki na muda wa kufanya lake. Yule mama wa mbele nimeshampangia hivyo, wawili kutwa na wawili masaa manne, na ongezeko lake limepungua kabla hajagusa bei.

Na msisahau binti huyo naye ni bosi wa mtu. Ana mtoto, kamwachia dada wa kazi. Amri ya 2022 ilimwekea dada anayelala kwa mwajiri 60,000. Toa sitini kwenye laki na nusu, toa nauli, toa chumba Mikanjuni. Anabaki na nini? Halafu tunashangaa kila baada ya miezi miwili anaondoka na unafundisha mwingine, anaunguza wali wiki nzima, na hiyo hasara ya wali hamuiandiki popote. Jamaa wa gereji Mabawa alipoteza fundi wa kuchomelea alipokwenda Chongoleani kwenye bomba la mafuta, kukaa miezi bila fundi kulimgharimu zaidi ya nyongeza aliyoikataa. Aliyefuata kampa mshahara mzuri bila kusubiri gazeti la serikali.

Ninachotaka tupeleke kwa barua ni vitu viwili. Kwanza ukaguzi wa mtaa mzima, nimeshasema. Pili, kima kipandishwe kidogo kidogo kila mwaka. Miaka kumi kimya halafu ghafla, na ile amri ya 2022 ilitoka mwishoni mwa Novemba ikaanza Januari mosi, wiki tano tu! Mara hii tumepewa miezi miwili na nusu, ni afadhali, lakini theluthi nzima kwa mkupuo kwa mtu mwenye mtaji wa milioni mbili ni kumtia hofu bure, na mtu akiogopa ndo anafanya kama yule dada wa saluni. Asilimia sita, saba, kila mwaka, tarehe inajulikana, mwokaji anapanga na mama ntilie anapanga.

Rasimu ya barua iko pale mezani, isomeni kabla ya kusaini, msifanye kama mlivyofanya na amri. Waliokuja na daftari zao za mishahara wabaki, nitapitia moja moja. Haya maswali, tuanze na kina mama kule nyuma.